Nani Aliyeiona Königsberg?

Siku niliposimama mbele ya mizinga miwili ya zamani ndani ya Fort Jesus, Mombasa, kuna swali lilinikaa kichwani na mpaka leo halijatoka. Mzinga mmoja ulitoka kwenye manowari ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg. Wa pili ulitoka Pegasus, manowari ya Waingereza ambayo Königsberg iliivamia alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 bandarini Unguja, ikiwa imetia nanga inatengenezwa boila. Mabaharia wa Pegasus waliouawa asubuhi ile wamezikwa Chapwani, kile kisiwa ambacho wageni wanakiita Kisiwa cha Makaburi. Mizinga ya mahasimu hao leo iko ndani ya ngome moja, na jua linaiunguza yote kwa pamoja.

Mzinga wa Mjerumani umefikaje pale? Vitabu vya vita hujibu haraka: marubani. Königsberg ilijificha Rufiji, ndege zikaiona, zikaongoza makombora, ikaangamia. Ni kisa cha kweli, na ni miongoni mwa mara za kwanza duniani mizinga ya meli kuongozwa na jicho lililoko angani mpaka adui akamalizika. Lakini kila nilipokisoma nilihisi kuna watu wametolewa nje ya chumba kabla picha haijapigwa.

Kwa hiyo nimekiitia kikao. Sauti nne zinazofuata nimezitunga. Matukio wanayoyabishania sikuyatunga. Nimewakalisha Nyamisati, kwenye kibanda cha kungojea boti ya Mafia, maji yamekupwa na hakuna pa kwenda. Yupo Mwalimu wa historia, anayeendesha mazungumzo. Yupo Kapteni, rubani mstaafu wa ndege ndogo za abiria za Dar es Salaam, Mafia na Kilwa. Yupo Nahodha, mzee wa mashua aliyezaliwa humu humu kwenye milango ya Rufiji. Na yupo Mama wa Kariakoo, mfanyabiashara anayefuata dagaa na nazi Mafia.

MWALIMU: Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama. Hoja yetu ni kwamba marubani ndio walioimaliza Königsberg. Kapteni, hoja ni yako, itetee.

KAPTENI: Ahsante, Mwalimu. Mimi nimepita juu ya delta hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ukiwa juu unaona mto unajigawa kama vidole, na katikati ya vidole ni mikoko mitupu, kijani kimoja mpaka baharini. Sasa chukua manowari ya mita 115, iingize humo, shusha vichwa vya milingoti, ifunike kwa matawi. Manowari kubwa za Waingereza ziko nje, haziwezi kuvuka mafungu kwa sababu zinakwenda chini sana majini. Hata mzinga wao ukifika, mpigaji haoni anachopiga. Anapiga msitu. Kwa hali hiyo ungeweza kuwa na manowari kumi hapo nje, na bado usingekuwa na kitu. Kilichokosekana ni jicho. Ndipo akaletwa Dennis Cutler, kijana aliyekuwa akifanya maonyesho ya kurusha ndege Durban, pamoja na ndege ya Curtiss, ya kutua majini. Safari ya kwanza alipotea, akatua kwenye kisiwa mpaka wakaja kumtafuta. Rejeta ikaharibika, wakatafuta ya gari la Ford Mombasa wakamfungia. Tarehe 22 Novemba 1914 akaruka tena, akaiona meli. Mtu mmoja, turubai, mbao, waya na rejeta ya gari.

NAHODHA: Kapteni, hapo tu nikuulize. Cutler aliruka kutoka wapi?

KAPTENI: Kisiwani Nyororo, pembeni mwa Mafia.

NAHODHA: Na nani alimwambia arukie Rufiji? Pwani ni ndefu. Kuna Kilwa, kuna Lindi, kuna Ruvuma. Mbona hakwenda kuitafuta huko?

KAPTENI: Walikuwa wameshapata habari.

NAHODHA: Habari kwa nani?

MWALIMU: Hapa niwasaidie. Kwanza zilikamatwa karatasi Lindi, ndani ya meli ya biashara iitwayo Präsident, zilizoonyesha makaa ya mawe yanapelekwa Rufiji. Halafu tarehe 30 Oktoba 1914 manowari Chatham ikaleta watu ufukweni, wakawauliza wanakijiji. Wanakijiji wakasema meli zipo, ziko Salale.

NAHODHA: Basi. Wiki tatu kabla Cutler hajapanda ndege, mtu wa hapa alikuwa ameshasema iko Salale. Alitaja mpaka kitongoji. Mimi simnyang'anyi Cutler ushujaa wake, lakini msiseme kwamba ndiye aliyeiona. Iliyoonwa na watu wa Salale haikuwa imejificha. Walikuwa wanapita ubavuni mwake kwenda kuvua.

KAPTENI: Mzee, nakuheshimu, lakini kusikia na kuona ni vitu viwili. Mkuu wa manowari hawezi kupiga mzinga kwa maneno ya mtu aliyekamatwa ufukweni akiwa na hofu. Anataka kujua iko pembe ipi ya mto, imeelekea wapi, imesogea au haijasogea. Cutler alirudi tena na tena kuhakikisha, na gharama yake unaijua: Desemba injini ikamfia, akaangukia mtoni, akatekwa. Alikaa mateka kwa miaka.

NAHODHA: Hilo nalikubali. Aliyetekwa amelipa.

MWALIMU: Endelea na waliomfuata, Kapteni. Mwaka 1915.

KAPTENI: Hao ndio ningependa kila kijana anayetaka kurusha ndege awasome. Mwezi Februari akaja John Cull na ndege mbili za Sopwith. Zimeundwa Uingereza, kwenye ubaridi. Zilipofika hapa, joto na unyevunyevu vikaachisha gundi ya mbao. Rafadha, yaani panga zinazovuta ndege, zikafunguka tabaka moja moja kama kitunguu. Ndege haipandi. Ukipunguza mafuta, haipandi. Ukimwacha mwenzako chini, inapanda kidogo tu. Mimi nimerusha ndege mchana wa Januari kutoka Kilindoni na najua hewa ya moto inavyokunyima mbawa. Najua vile unavyotazama mwisho wa kiwanja unakuja na magurudumu bado yako chini. Nilikuwa na injini mara kadhaa ya nguvu za Cull. Yeye alikuwa anajaribu kuinuka kutoka majini, na gundi inayeyuka. Aprili wakaletewa ndege za Short. Cull akapita chini, akapiga picha za Königsberg huku risasi zinamjia. Juni zikaja za kutua nchi kavu, Henri Farman na Caudron, na uwanja ukafyekwa Mafia.

MAMA WA KARIAKOO: Ukafyekwa na nani?

KAPTENI: Na... na vibarua, Mama.

MAMA WA KARIAKOO: Haya. Nilitaka tu neno hilo litamkwe. Endelea, baba.

Hapa na mimi niingie kidogo, maana swali la Mama ndilo lililonifanya niandike. Kiswahili kina namna ya kumficha mtenda bila kusema uongo: ukafyekwa, ukabebwa, ikavutwa. Katika masimulizi ya vita vile Afrika Mashariki kauli ya kutendwa imefanya kazi kuliko askari yeyote. Marubani wana majina na vyeo. Waliofyeka wana kiambishi.

NAHODHA: Umesema uwanja ulikuwa tayari. Nami niseme la majini. Waingereza walileta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, zikavutwa kwa kamba kutoka Malta hadi huku. Kwenda chini hazifiki mita 2. Vizuri. Lakini mlango upi una mita 2 maji yakiwa nusu? Ndege haiwezi kukwambia. Kutoka juu maji ya tope yana rangi moja, ya pima moja na ya pima nne ni yale yale.

KAPTENI: Kweli. Hata mimi kutoka juu siwezi.

NAHODHA: Walimpeleka mwindaji wa tembo, Pretorius, na wenyeji aliowachukua. Wakaingia kwa mtumbwi usiku, wakawa wanatia upondo majini na kupima, kidogo kidogo, siku baada ya siku. Pretorius ameandika kitabu chake, jina lake lipo. Aliyeshika upondo? Wewe unafikiri mzungu mmoja ndiye aliyepiga kasia kwenye milango hii usiku, kinyume cha maji, na mbu wa Rufiji, asikwame? Mimi nimezaliwa humu na bado nakwama.

MWALIMU: Meli ziliingia kwa mlango wa Kikunja.

NAHODHA: Kikunja, ndiyo. Na ungemuuliza mtu yeyote wa hapa angekwambia Kikunja.

MWALIMU: Tufike kwenye siku yenyewe. Kapteni, tarehe 6 Julai 1915.

KAPTENI: Siku hiyo walishindwa, na sababu yake inanisaidia kwenye hoja yangu. Severn na Mersey zilipiga makombora 635 kutwa nzima. Ndege zilipokezana angani, moja ikichoka nyingine inakuja. Lakini meli zote mbili zilipiga kwa pamoja, na mtazamaji aliye juu akiona moshi hajui kombora hili ni la nani. Anatuma kwa simu ya upepo, "umepitiliza", na aliyepungukiwa ndiye anayerekebisha. Mersey ikapigwa, mabaharia wakafa. Jioni wakaondoka. Makombora 635, na Königsberg bado inaelea. Sasa tazama tarehe 11, siku tano baadaye. Mizinga ni ile ile, mto ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba safari hii ilipiga meli moja kwa wakati, na jicho la juu likasikilizwa. Pigo la nane likaingia.

MWALIMU: Aliyekuwa juu ni nani?

KAPTENI: Cull anarusha, na mtazamaji wake ni Mkanada, Arnold. Naomba mniache niseme hili polepole. Henri Farman ya mwaka 1915 haina kibanda kilichofunikwa. Umekaa wazi juu ya delta, injini iko mgongoni. Hakuna parachuti. Arnold ana mtambo wa kutuma tu, hauwezi kupokea, kwa hiyo hajui kama chini wanamsikia. Anagonga kidude kwa kidole, anatazama moshi, anagonga tena. Mizinga ya Königsberg inawatafuta. Kombora likapasuka karibu, injini ikavunjika, ikazima. Pale panga likisimama, kinachokutisha ni ukimya. Nimewahi kuusikia mara moja, juu ya mlango wa Mafia, sekunde kama kumi hivi kabla injini haijashika tena, na ninauota hadi leo. Arnold akatuma: tumepigwa, leteni boti. Halafu, na hapa ndipo mimi nasimama, akaendelea na kazi. Ndege inashuka bila injini, wanaelekea mtoni, na yeye anaona makombora yote yanaangukia mbele ya meli, akatuma marekebisho yaje katikati. Yakaja katikati. Ndege ikapiga maji karibu na Mersey, ikapinduka. Arnold akatupwa nje. Cull mkanda ulimnasa, akazama na ndege, akajinasua chini ya maji. Boti ikawaokota.

(Kapteni alinyamaza. Nahodha ndiye aliyesema kwanza.)

NAHODHA: Wanaume.

MAMA WA KARIAKOO: Wanaume kweli, na mama zao wangekuwepo ningewapa mkono. Kapteni, mimi sipingi hata neno moja katika hayo. Ila hoja inasema waliimaliza. Nikuulize. Aliyeizamisha siku ile ni nani?

KAPTENI: Ilikuwa inaungua, risasi zimekwisha, nahodha wake Looff amejeruhiwa. Akaamuru wailipue wenyewe kwa kichwa cha topido.

MAMA WA KARIAKOO: Na mizinga yake 10?

KAPTENI: Waliitoa majini baadaye.

MAMA WA KARIAKOO: Yote?

KAPTENI: Yote.

MAMA WA KARIAKOO: Basi ndege ilimaliza meli, haikumaliza mizinga. Mizinga ndiyo iliyotugharimu sisi. Ilivutwa kutoka Rufiji hadi Dar es Salaam, ikachongewa magurudumu, ikaenda vitani nchi kavu. Mzinga mmoja ulikuwa Kahe Machi 1916, chini ya Kilimanjaro. Mwingine ukapelekwa Kigoma, ukafungwa kwenye Graf von Götzen, hii hii inayoitwa Liemba. Haukwenda kwa mabawa. Mamia ya watu kwa mzinga mmoja, kamba mabegani, mchangani, matopeni, milimani. Mtu akianguka anatolewa kwenye kamba, anaingizwa mwingine. Baba, mimi nimezaliwa Kariakoo, nauza Kariakoo, na watoto wangu nimewasomesha kwa fedha ya Kariakoo. Mwalimu, waambie Kariakoo ni nini.

MWALIMU: Ni jina la Kikosi cha Wapagazi cha Waingereza, lililogeuzwa na ulimi wetu. Walipiga kambi pale. Nairobi nao wana Kariokor.

MAMA WA KARIAKOO: Nimefika utu uzima ndipo nikajua. Kila siku nalitamka jina la wapagazi nikidhani nataja soko.

MWALIMU: Kwenye hesabu ya Waingereza wenyewe, wapagazi waliokufa upande wao na wakaandikwa ni zaidi ya 40,000. Wanahistoria wengi wanakadiria karibu laki moja. Wengi hawakufa kwa risasi. Ni kuhara, malaria, njaa, unga mbovu. Upande wa Wajerumani hata daftari la kuaminika halipo.

KAPTENI: Mama, ningekuwa na namna ya kuwaweka wote kwenye kitabu ningewaweka. Lakini kosa la aliyeandika usimpe aliyeruka. Cull na Arnold hawakuandika historia. Waliambiwa nendeni, wakaenda.

MAMA WA KARIAKOO: Sijampa kosa. Nakuuliza wewe, kwa kuwa umekuwa huko juu. Kama kimo cha Cull siku ile, mtumbwi unaonekana?

KAPTENI: Futi 2,000 au 3,000... Mtumbwi unaonekana.

MAMA WA KARIAKOO: Na aliyemo?

KAPTENI: (baada ya muda) Unaona mkia wa maji nyuma ya mtumbwi. Ndiyo unaokuonyesha kwamba kuna mtu anapiga kasia. Yeye mwenyewe humwoni.

NAHODHA: Na kwenye msafara wa wapagazi?

KAPTENI: Mstari. Vumbi.

NAHODHA: Na askari akiwa kwenye mstari huo huo?

KAPTENI: Hutofautishi, Mzee. Mwaka 1916 ndege za Waingereza zilikuwa zinayafuata majeshi kutoka Kilimanjaro kushuka mpaka Morogoro, zinaangusha mabomu kwenye kambi. Kambi ya wakati ule ina askari wachache na wapagazi wengi, na wake zao, na watoto. Kutoka juu ni moshi wa majiko. Sitasema uongo kwa ajili ya kushinda mjadala.

Nilipofika hapa niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimemwandaa Kapteni awe mpinzani wangu, nikakuta ndiye mkweli kuliko wote. Wazee walioziona ndege hizo waliziita ndege ulaya, ndege waliotoka Ulaya, kwa kuwa aliyekuwa chini hakuwa na namna ya kujua aliyemo ni nani, kama vile aliyemo asivyoweza kumjua yeye. Ukimya huo wa pande mbili unanisumbua kuliko mabomu yenyewe.

MWALIMU: Kuna Kigoma pia. Juni 1916 marubani wa Kibelgiji wakitokea upande wa Kongo, na ndege za Short, waliruka ziwa wakaishambulia Götzen. Mmoja wao ni Aimé Behaeghe, aliyefariki huko huko Kongo kabla mwaka haujaisha. Götzen ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai, na mzinga wa Königsberg ulikuwa umeshang'olewa ukapelekwa kupigana kwingine.

MAMA WA KARIAKOO: Unaona! Kila rubani akifika, mzinga umeondoka. Kwa sababu mzinga una miguu ya watu.

KAPTENI: Hapo nimepatikana. Basi hoja yangu naipunguza. Marubani hawakuimaliza Königsberg. Waliifanya ipigike. Bila wao ingekaa mikokoni mpaka vita iishe. Na kupunguza huku hakupunguzi kidole cha Arnold hata chembe.

MAMA WA KARIAKOO: Kidole chake kibaki pale pale. Mimi nataka bega liwekwe kando yake. Cull na Arnold walipewa nishani ya DSO, na walistahili. Nairobi, kwenye sanamu ya wapiganaji, angalau wamemweka mpagazi mmoja pamoja na askari. Sisi Dar es Salaam tuna askari peke yake, na bunduki yake, na soko la wapagazi liko umbali wa kutembea kwa miguu.

MWALIMU: Nina wanafunzi 45 wa kidato cha tatu. Wamesoma vita hii kwa ukurasa mmoja, na Rufiji haimo. Mzee, pale Salale pamebaki kitu?

NAHODHA: Wauza vyuma walikatakata miaka ya sitini, na vilivyobaki vimemezwa na tope. Pa kuonyesha papo. Nitawaonyesha iliposimama, na Kikunja, na tutatia upondo wapime wenyewe.

MWALIMU: Tuje lini?

NAHODHA: Njooni bamvua, mwanangu. Maji mafu hatufiki. Na uwalete kwa mafungu mawili, watoto 45 mashua yangu haibebi.

KAPTENI: Mimi nafasi ipo?

NAHODHA: Wewe utashika upondo.